Kabari Mbili Chini ya Springi

Jumapili, tarehe kumi na mbili Mei. Manyunyu tangu alfajiri. Mlima haukuonekana kutwa.

Leo nimesimama kanisani. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujipunguzia makosa, maana najijua.

Mimi ni fundi wa magari hapa Ngarenaro. Kabla ya masika, mzungu mwenye shamba la kahawa huko juu Meru aliniletea gari lake la turubai, lililosalia baada ya vita. Alitaka liinuliwe, tumbo lisikwaruze matuta ya njia ya shambani. Nikarefusha vyuma vinavyoning'iniza springi za mbele. Likasimama juu vizuri. Nilijisifu, sitaficha.

Siku ya nne dereva wake alirudi.

"Fundi, ukipita shimo kwa mwendo, usukani unanipiga mikono kama ndama anayekataa kamba."

Nikalipandisha jeki, nikayatikisa magurudumu. Hakuna kilicholegea. Nikamwambia, "Punguza hiyo pombe ya mbege, mzee wangu, gari litatulia." Gereji nzima ilicheka. Naye alicheka.

Wiki iliyofuata dereva huyo aliacha barabara karibu na Kikatiti, akafa palepale. Mzungu akaniuliza habari za stelingi. Nikajibu ni nzima. Basi lawama ikabaki kwa pombe, na wazee wa kanisa wakamkataza mchungaji asimzike, wala kengele isipigwe.

Gari liliponyooshwa, dereva mpya akalileta kwangu.

"Shikamoo, fundi. Hili gari, marehemu hajaachia usukani."

Nikaliendesha mwenyewe barabara ya Moshi. Kwenye shimo la kwanza usukani ulinitoka, ukatetemeka hivi na hivi, na kwa kitambo nikahisi mikono mingine chini ya yangu. Nilisimama kando, nikakaa majanini.

Kesho yake ndipo nikapima kwa timazi, jambo nililopaswa kulifanya mwanzoni. Kwa kuinua mbele, nilikuwa nimeilaza ekseli kwa mbele. Magurudumu yamekosa ule mwegemeo wa nyuma unaoyarudisha yenyewe kwenye mstari. Kwenye jeki hilo halionekani. Nikachonga kabari mbili za chuma, nikazipachika kati ya springi na ekseli, nikarudi kwenye shimo lilelile. Kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko mtikisiko.

Jana nilikwenda kwa mjane wa yule dereva.

"Kwa hiyo hakulewa?" aliniuliza.

"Kama alionja siku ile, mama, mimi sijui. Na tairi moja lilikuwa kipara, hilo si langu. Lakini kutikisika kulikuwa kwangu, na mwenyewe aliniambia."

"Sasa mbona unakuja kuniambia mimi? Mimi nilimjua mume wangu. Waambie waliomnyima kengele."

Nimewaambia leo, mbele ya watu wote, kwa sauti ndogo mno; mara mbili niliambiwa nipaze. Mzee mmoja akauliza, "Unaweza kuapa kwamba hakunywa?" Nikasema siwezi. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Wazee walitoka nje na mchungaji, wakarudi na jibu: Jumatano ataombewa kaburini, na kengele itapigwa. Mjane alitazama mbele tu. Hakunigeukia, na sioni kwa nini angenigeukia.

Jioni mke wangu alipika ndizi na maharage. Nilikula, tena nikaomba niongezewe. Sijui kama ilikuwa haki.