Maji ya Kuoshea Mikorosho

Mama hakuweka salfa kwenye mikorosho yake kwa sababu moja tu: hakuwa na fedha ya kuinunua. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye walikuja watu na gari, wakaliita jambo hilo kilimo hai, wakampa Mama mkono na kumpongeza. Ukata wetu ulikuwa umepata jina zuri.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Zamani chama cha ushirika ndicho kilichonunua korosho zetu na ndicho kilichotukopesha salfa, ule unga wa manjano unaopulizwa ili maua ya mikorosho yasikaushwe na ugonjwa wa ubwiri unga. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi wakawa wengi na salfa ikawa ya mwenye nacho. Baba alikuwa ameshafariki. Mikorosho yetu kumi na minne pale Mkunya ikawa inachanua na kuungua, mwaka hadi mwaka, na Mama anaokota kilichobaki.

Wale wa gari walianzisha soko la jamii Newala mjini, kila Jumamosi. Ndani yake waliweka meza ndefu ya vitu visivyoguswa na dawa ya dukani, na wateja wa meza ile, masista, walimu na wageni wa miradi, hawakubishana bei. Mama akapewa nafasi. Alibangua korosho zake mwenyewe, akazikaanga kwa moto mdogo, akaziweka mezani pamoja na mabibo makavu. Tangu Baba afariki sikuwa nimemwona akichagua kanga kwa sababu kuna mahali anakwenda. Sasa alianza kuchagua tangu Ijumaa.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina. Wakanifanya katibu wa kikundi cha wauzaji wa meza ile, kazi yangu kujaza fomu za mashamba. Nilijiona mtu. Sharti kubwa tuliambiwa mpaka watoto wakalikariri: dawa ya dukani ikigusa miti yako, unatoka mezani miaka mitatu.

Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, hakuwa mtu wa mikutano. Kwetu Wamakonde, dada ni mzigo wa kaka yake. Mikorosho ya dada ikiungua, anayesemwa ni kaka. Mwaka ule akaazima mashine ya kupulizia, na alipomaliza shamba lake akabakiwa na salfa. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ungali majanini na upepo umelala. Alfajiri hiyo mimi na Mama tulikuwa tumeteremka bondeni kuchota maji, maana huku juu maji hakuna, na ukichelewa unakuta foleni. Tulipopanda na ndoo zetu kichwani jua lilikuwa limeshatoka. Mikorosho yote ilikuwa ya manjano. Mjomba amekaa kwenye gogo, anajifuta uso kwa shati, ana furaha.

"Dada," alisema, "mwaka huu hawatatucheka."

Mama akatua ndoo. Nilingoja amwambie. Akakunja magoti kidogo, akasema ahsante kaka, akaniagiza nimpe Mjomba maji ya kunawa. Nilimpa, nimenuna. Ningekuwa mimi ningelia palepale, lakini Mama alimsindikiza kaka yake mpaka njiani, wanaulizana habari za watoto.

Aliporudi, alichukua ndoo ileile na tambara akaanza kuosha majani. Jani moja moja. Mimi nilidhani amechanganyikiwa, kisha na mimi nikachukua tambara. Tulishuka bondeni na kupanda siku ile, na siku ya pili, mpaka shingo zikakataa. Anayeujua mteremko ule atanielewa. Asiyeujua aambiwe tu kwamba nyumbani kwetu maji ya kunawia yalitumika tena kwenye kufua. Matawi ya juu hatukuyafikia. Ya chini tuliyaosha pamoja na maua yake, yakaanguka chini, na Mama akayakanyaga.

Jambo kama hilo halifichiki. Mjomba alisikia kwamba kazi yake imeoshwa kama kinyesi cha kuku. Hakuja kuuliza. Hakuja tena kabisa.

Bwana wa mradi, mmoja wa wale wa gari, alipofika kukagua, fomu ilikuwa mikononi mwangu. Swali lilikuwa fupi: dawa ya dukani imetumika, ndiyo au hapana. Mama alinisogelea.

"Andika tumeosha," aliniambia taratibu.

Nilimjibu kwamba hakuna mahali pa kuandika hivyo. Nikaandika ndiyo. Watu husema nilikuwa mkweli. Si kweli. Nilitaka yule bwana aone kwamba amepata katibu asiyempendelea hata mama yake.

Jumamosi iliyofuata Mama aliuzia nje ya uzio, chini, kwenye kipande cha mkeka. Miaka mitatu haikufika. Mradi uliisha, gari likaondoka, na ile meza ikawa ya mitumba. Mjomba naye akafariki; kati yake na Mama zilikuwa zimebaki salamu za misibani tu.

Sasa naishi Mkomaindo, na Mama yuko kwangu. Juzijuzi nilinunua asali kwa akina mama wanaouza vitu vya asili sokoni Masasi, wakanipa kijitabu cha viwango. Nilikisoma kitandani. Kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa kulikuwa na majivu, mwarobaini, na salfa. Salfa, kwa kuwa huchimbwa ardhini. Nilirudia mstari ule mpaka macho yakauma. Sijui kama viwango vya wakati ule vilikuwa vingine, au yule bwana hakuvisoma. Najua kwamba mimi, katibu, sikuomba hata kuviona.

Asubuhi nilimwambia Mama. Aliniomba nimsomee tena, nikamsomea. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi.

"Basi kaka yangu hakukosea," alisema. "Na mimi nikamuosha."

Akanywa chai yake. Fomu yangu hakuitaja. Afadhali angeitaja.