Nukta Zilizoshuka Chini ya Mstari wa Mhandisi

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio, ndoo na amri moja: usiguse kitu chenye waya. Ilikuwa maabara ya umeme katikati ya jiji, upande wa kuelekea Ngara, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa mjane. Watoto wangu wawili walikuwa kwa mama mkwe huko magharibi, nami nimepanga chumba Dagoretti. Shule niliacha darasa la nne, lakini namba nilizijua na mwandiko wangu ulisomeka. Hayo mawili ndiyo yaliyonitoa kwenye ufagio.

Kwanza nilihamishiwa chumba cha betri, ambako Karani wa Stoo alinifundisha kupima asidi. Kisha Mhandisi Mkuu, Mzungu mrefu asiyecheka, akanichukua chumba cha nyuma, kwenye mashine yake mpya.

Niwaeleze, maana vijana wa siku hizi mnadhani kila kitu kilianza na ninyi. Mashine ile ilikuwa ya pande mbili. Upande mmoja ni seli za mafuta: huku inaingia gesi ya haidrojeni kutoka mtungini, kule hewa ya kawaida, katikati kuna maji ya potasi, dawa kali ya kupitisha umeme, na umeme unatoka bila injini wala kelele. Upande wa pili ni betri, za kusaidia umeme unaohitajika ukizidi. Ilikusudiwa vituo vya redio vya mbali visivyofikiwa na laini ya umeme. Kabla ya kuiwasha, Mhandisi alipiga hesabu akachora mstari kwenye karatasi ya miraba: leo itatoa kiasi hiki, mwezi ujao kiasi hiki. Mstari huo aliuita modeli. Kazi yangu ilikuwa kusoma mita kila robo saa, kuandika kitabuni, na jioni kuweka nukta moja kwenye karatasi. Nukta ikikaa juu ya mstari, hesabu yake ni ya kweli.

Kutwa nzima nilikuwa mimi na mita nne. Robo saa haikutosha kwenda popote. Mtu pekee aliyeingia ni Fundi Athumani wa Mombasa, aliyefunga mabomba ya mashine. Alikuja saa nne kunywa chai. Moto ulikatazwa mle ndani kwa ajili ya gesi, nami nilitii: jiko la makaa nililiweka nje, chini ya dirisha.

"Mama Nafula, chai hii ni maji ya kuoshea vyombo."

"Leta majani yako basi."

"Nikileta majani utasema nimekuja kukuposa."

"Niposwe na wewe, mwenye wake wawili? Kunywa uende!"

Siku nyingi, hayo ndiyo maneno yote niliyosema hadi naingia kitandani.

Ulipofika mwezi wa saba, baridi ikakaza, na jiko likawaka tangu asubuhi hadi natoka. Nukta zikaanza kushuka chini ya mstari. Mhandisi akaja na karatasi mkononi.

"Wewe mama, hii namba wewe nasoma ama nadanganya?"

"Nasoma, bwana."

Akakaa akasoma mita mwenyewe. Zikasema nilivyosema. Akamgeukia Athumani. "Basi bomba yako navuja. Ijumaa wewe chukua barua, kwenda."

Athumani alipaka maji ya sabuni kila kiungo kutafuta palipovuja. Hakuna povu hata moja lililotoka. Alikunywa chai bila kuitukana, nikajua ameumia.

Alhamisi nilikifungua kitabu changu tangu mwanzo wa mwezi. Kulikuwa na siku nne ambazo nukta hazikushuka. Nikajikalisha kuzikumbuka. Mbili, mvua ililowesha makaa yangu. Mbili, muuza makaa wa Dagoretti alikuwa amefiwa, hakufungua. Siku zote nne sikuwasha jiko. Nikatoka nje nikatazama. Bomba lililovuta hewa ya mashine lilitokeza pale pale chini ya dirisha, mkono mmoja kutoka kwenye jiko. Na ule unga mweupe niliokuwa nikiufuta pembeni mwa seli bila kuuliza, nikauona vizuri: kama magadi ya kupikia mboga. Pumzi ya makaa ilikuwa inavutwa na bomba, inaiharibu potasi na kuigeuza unga ule.

Ningeweza kuacha kuwasha na kunyamaza. Nukta zingetulia, na Athumani angekuwa ndani ya gari la moshi, anarudi Mombasa bila kazi.

Ijumaa asubuhi nilisimama mbele ya meza ya Mhandisi. "Bwana, bomba halivuji. Ni jiko langu." Nikamwonyesha zile siku nne.

Alizifuata kwa kidole, moja moja. "Nani nafundisha wewe hii?"

"Hakuna. Nimesoma kitabu."

"Mimi naweza kufukuza wewe."

"Najua. Lakini barua umemwandikia mtu mwingine."

Aliichana ile barua. Mimi hakunifukuza, wala hakunishukuru. Alifunga kopo la chokaa kwenye bomba la hewa ili liichuje, kisha akaanza hesabu upya, kwa sababu hata hewa ya jiji isiyo na jiko ina kidogo ya ile pumzi, na modeli yake haikuiwekea nafasi. Moto akaupiga marufuku uwanja mzima. Chai ikahamia kantini, ng'ambo ya uwanja, nami sikuweza kuziacha mita. Athumani alikuja mara moja, mkono kifuani. "Mungu akulipe, dada yangu." Baada ya hapo alinipungia kupitia dirishani, akienda kunywa na mafundi wenzake.

Nilikaa chumba kile hadi mashine ilipofunguliwa vipande, redio zikapewa injini za dizeli, nami nikarudishwa stoo hadi kustaafu. Vijana huniuliza kama najuta. Sijuti. Mtu asipoteze kazi kwa kosa langu, basi. Lakini asiniambie mtu kwamba kusema kweli hakuna gharama. Jioni ya kwanza ya karatasi mpya, niliweka nukta yangu, ikakaa barabara juu ya mstari. Nikageuka ili nimwambie mtu. Zilikuwepo mita nne tu.