Aliyegawa Vidonge Vyake

Juzi nimeletewa habari kutoka Kismayu kwamba yule mama msuka mikeka wa mtaani kwetu amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa silii ovyo ukurasani. Leo nina uchungu na hasira, na hasira yenyewe naielekeza kwangu.

Maradhi yake yalikuwa ya nadra. Kinga ya mwili, badala ya kumlinda, iliuzuia uboho wa mifupa kuzaa chembe nyekundu za damu. Alikunywa supu ya maini na vidonge vya kuongeza damu asipate nafuu, hadi daktari mmoja wa Mombasa alipompima uboho na kumpa dawa ya kuituliza hiyo kinga. Alimwonya mbele yangu asipunguze hata kidonge kimoja bila idhini yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea, kupitia Kiunga na Ras Kamboni. Baada ya miezi kadhaa rangi ilimrudia usoni, akashika tena ukindu, na ulimi wake nao ukachangamka. Aliniuliza kama huko Mombasa nalishwa au nanoneshwa.

Kwetu chungu kikipikwa, jirani hupelekewa chake. Binti wa jirani yake akajifungua, akatokwa na damu nyingi, akapauka. Watu wakasema naye hana damu, basi mama akaanza kumgawia nusu ya vidonge vyake. Nilimkuta akimpa, nikamuuliza kama vyake vitamtosha.

"Hata dawa," akanijibu, "mchu hali pweke." Yaani, kwa lahaja ya kwetu, mtu hali peke yake.

Maneno yale yalinipendeza mno. Nikamwombea dua, kisha nikayaandika katika safu hii, nanyi mkanipongeza. Onyo la daktari nililisikia kwa masikio yangu, na sikumkataza.

Binti yule hakuhitaji ila madini ya chuma, yanayouzwa kila duka la dawa. Vidonge vya mama havikumfaa kitu, na vingeweza kumdhuru. Yeye amepona. Mama uboho wake uligoma tena. Akaongezewa damu mara mbili, ya tatu haikupatikana.

Tumelelewa kumsifu anayetoa, hatukufundishwa kumuuliza atabaki na nini. Ukimwona mgonjwa anagawa dawa yake, usimsifu. Mshike mkono, hata akikuita bahili.