Fundi Aliyeninyima Winchi

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, utingo mmoja wa basi la Changamwe akanigusa bega na kuniambia kuwa yule fundi wangu wa magari amefariki. Nikamwuliza, "Umemwona mwenyewe?" Akanitazama kama niliyemtukana. "Mtu kafa, nawe wataka hati?" Mniwie radhi, wasomaji wangu. Wiki hizi chache tangu bendera ya uhuru ipandishwe, pale ferini husemwa mengi: kwamba mashamba yetu yamekwisha gawanywa, kwamba fulani atapewa uwaziri, kwamba mwenye duka fulani amefunga mizigo na kuondoka kimya kimya. Nimejizoeza kutoshika neno mpaka nilifuate lilikotoka. Basi nilivuka, nikapanda basi mpaka Changamwe, nikakuta milango ya gereji imefungwa na wanaume wameketi nje juu ya matairi makuukuu. Ilikuwa kweli. Maradhi ya kifua, siku nne tu. Sitasema alikuwa rafiki yangu. Nilimjua kwa miaka mitano, na mwanzoni nilimhesabu kuwa adui.

Kwetu tulizaliwa wanne, nami ndiye mkubwa. Shule niliiacha darasa la sita baba alipoanza kuugua, nikawa utingo wa malori, kisha dereva. Baba akafa, mama naye hakumaliza mwaka. Arobaini ya mama ilipokwisha somwa, ami yetu alituketisha nyumbani kwetu Shika Adabu, upande huu wa Likoni, akatugawa. Dada yangu aende kwa shangazi Kisauni, mdogo anayemfuata aende kwa jamaa wa Miritini, na yule wa mwisho, aliyekuwa bado ana meno ya utoto, akae kwa ami mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya; aliona tu kwamba kijana wa miaka ishirini hawezi kulea. Nikamwambia, "Ami, hawa hawatoki." Akasema, "Utawalisha nini, mwanangu, harufu ya petroli?" Watu wakacheka, na dada yangu akaanza kulia. Mwishowe tukapatana. Nikiwa na kazi ya kudumu masika yatakapokwisha, watabaki. Nisipokuwa nayo, kila mmoja atafunga kifurushi chake.

Kazi nilikwisha iona. Mwenye duka mmoja wa Likoni alikuwa na vijiduka huko vilimani nyuma yetu, na kila masika malori yake yalikwama matopeni, watu wa huko wakakaa bila sukari wala mafuta ya taa. Alitangaza kwamba atakayefika kila Jumatano mvua ikinyesha ndiye atakayepewa kazi ya mwaka mzima. Nikauza ng'ombe wawili wa baba na cherehani ya mama, nikanunua jipu kuukuu la jeshi, rangi yake imepauka, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Mpaka siku hiyo sikuwahi kuendesha gari nje ya barabara. Nilikuwa na wiki saba kabla ya mvua, na fedha za kutengeneza kitu kimoja, labda viwili.

Kwa fundi nilikwenda na karatasi. Nilikuwa nimeandika winchi ya mbele, ile ya kujivutia kwa waya gari likikwama, matairi mapana yenye meno, springi za kuliinua gari juu, na taa mbili za kwenye paa, kama nilivyoona kwenye magari ya wawindaji yakipita kwenda Tsavo. Fundi alikuwa mtu mfupi wa upande wa Rabai, na kalamu ya risasi haikumtoka sikioni. Akaisoma karatasi mpaka mwisho, akairudia, akaniuliza:

"Wapakia nini?"

"Unga, sukari, mafuta ya taa."

"Mteremko mkali uko wapi?"

"Fundi, mimi nakuuliza habari za kupanda."

"Ukishindwa kupanda utabaki chini, utakunywa maji, utarudi kwenu. Ukishindwa kushuka, utabaki wapi?"

Akanipangia kwa mpango wake. Kwanza breki, magurudumu yote manne na mapaipu yake. Halafu usukani. Halafu kamba ndefu, beleshi, mbao mbili za kutandika chini ya magurudumu, na pampu ya mkono, ili nipunguze upepo wa matairi nikiingia matopeni na niujaze tena nikitoka. Matairi mapya yangoje masika ya pili. "Na winchi?" nikamwuliza. "Winchi ni ya mtu anayejua anakwama wapi," akasema. "Wewe hata kukwama hujaanza." Waliokuwa wakingoja magari yao wakaangua kicheko. Mimi nikaingiwa na neno moyoni. Fundi gani anakataa kuuza? Winchi ilikuwako, nimeiona kwa macho yangu sakafuni, imefunikwa gunia. Kamba na beleshi nilikwenda kununua kwingine, yeye hakupata chochote. Nikajiuliza, huyu anamwekea nani?

Wiki mbili baadaye nikapata jibu. Nje ya duka pale Likoni palisimama jipu jingine, la kijana wa Kisauni, naye anaitaka kazi ile ile. Winchi mbele, matairi mapana, taa juu ya paa. Kijana mwenyewe mchangamfu, mkono wake mwepesi kusalimia. Akachungulia nyuma ya gari langu. "Bwana mdogo, hilo beleshi ni la kulimia mihogo?" Nikamwuliza gari lake limetengenezwa wapi. Akajibu kwa fahari, "Changamwe, kwa shemeji yangu. Nimemwoa dada yake." Wallahi, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilinyimwa winchi ili apewe shemeji, na kama mtu ameweza kuninyima, ataniwekea nini tena huko chini nisikokuona? Kwenda kwa fundi mwingine singeweza, fedha zilikwisha. Ndipo nikaanza desturi ya kutandika gunia kila asubuhi baada ya sala, kulala chini ya jipu, kufuta mapaipu kwa kitambaa na kujaribu kila nati kwa vidole, nikitafuta ubaya wake. Dada yangu akija na chai huinama na kuuliza, "Kaka, kibla kimehamia huko?" Nilikunywa chai nikarudi chini. Yeye ndiye angetangulia kwenda Kisauni mambo yakiharibika, na cherehani niliyoiuza ndiyo aliyofundishiwa kushona.

Jumatano tatu za kwanza za masika tulifika sote wawili. Mwenzangu alitangulia kila mara. Alipokwama alifunga waya wa winchi kwenye mti akajivuta, huku mimi nikichimba kwa beleshi na kutandika mbao, tope mpaka masikioni. Mwenye duka alikwisha anza kumwita "dereva wangu". Asubuhi ya Jumatano ya nne, kitambaa changu kilitoka kimelowa mafuta ya breki. Paipu ya gurudumu la nyuma kushoto ilikuwa imepasuka. Sikuhuzunika hata kidogo. Nilifurahi, kwa kuwa hatimaye nilikuwa na ushahidi. Nikaifungua, nikaifunga katika gazeti, nikavuka feri na kwenda Changamwe. Nilimkuta fundi mbele ya wateja wake nikamwambia kwa sauti kubwa, "Umekata, fundi! Kwa ajili ya shemeji yako umenikatia breki!"

Hakubisha. Alichukua paipu mpya, akaibana kwenye jiliwa, akaikata kwa msumeno, kisha akaviweka vipande vyote viwili kiganjani mwangu. Kilichokatwa kwa msumeno kilikuwa kimenyooka na kinang'aa. Changu kilikuwa kimebonyea, na ndani ya mbonyeo mlikuwa na unga mweupe wa jiwe la matumbawe.

"Wapita juu ya mawe pasipo kuchagua," akasema. "Lakini umeionaje?"

"Naangalia kila siku."

"Nani kakufunza?"

"Hakuna. Nilikuwa natafuta ubaya wako."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kila siku! Chini ya gari, ananitafuta mimi!" Mara kicheko kikakatika. "Na shemeji yangu, yeye huangalia?"

"Hana haja. Husema wewe hukosei."

Akanivuta kando. Kisha akasema kwa sauti ndogo, nami tu ndiye niliyemsikia, "Breki zake ni zile zile za jeshi. Nilimwambia. Akanuna, dada yangu akanuna, mama akaacha kula kwangu. Nikamfungia winchi na matairi yake." Chuma kile kizito mbele na matairi yale makubwa, breki za zamani zingeyazuiaje? Akabeba paipu na spana, akamwomba mteja mmoja pikapu, tukarudi Likoni. Dukani tukaambiwa shemeji ameondoka tangu saa mbili.

Pikapu isingeingia matopeni. Tukafika kwetu, fundi akafunga paipu mpya katika jipu langu, tukatoka nalo. Pale njia inapoteremka kijitoni tuliona alama za matairi mapana zimenyooka moja kwa moja, hazikupinda popote. Nikaanza kushuka. Breki zilishika, nikazisikia zikishika mpaka chini. Jipu la shemeji lilikuwa limetumbukiza pua majini na maji meupe kwa unga. Winchi ile huzungushwa na injini, na injini ilikuwa imekunywa maji. Mwenyewe watu wamemlaza ukingoni, paja limevunjika. "Shemeji," akasema alipomwona fundi, "zimegoma." Fundi akajibu, "Najua." Tulimpakia kwangu, tukapunguza upepo wa matairi, tukatandika mbao, wanaume wa pale wakavuta kamba, tukampandisha mpaka juu. Siku ya pili nilipeleka shehena ya duka, ya kwangu na ile ya kwake iliyosalimika.

Shehena ilichelewa siku moja, lakini mwenye duka hakuwa na dereva mwingine; kazi ikawa yangu. Masika yalipokwisha, ami alikuja adhuhuri, akala wali, akatutazama sote wanne mmoja mmoja, akasema "Haya," na neno la kugawana hakulirudia tena. Mdogo wetu wa mwisho sasa ana meno yake yote na hunisahihishia maandishi haya.

Wengi wangependa niseme kwamba nilimdhania fundi vibaya nikatubu. Sivyo. Nilishuku kwamba alimpendelea shemeji yake, na alimpendelea kweli, na upendeleo huo ndio uliomvunja mtu paja. Mimi nisiye wake hakuona taabu kunikatalia. Jambo moja limenibakia: winchi ilikuwa na faida nono. Je, alilegezwa na kununa kwa nyumba yake, ama na faida? Nilimwuliza siku moja. Akaichomoa kalamu sikioni, akaitazama, akasema, "Wewe endelea kushuku."

Nami naendelea. Siku hizi kila baraza lina karatasi yake ya mambo ya kufungwa kwanza kwenye nchi hii mpya. Huyu ataka ofisi ya ghorofa, yule gari lenye bendera, mwingine cheo cha mpwa wake. Nawasikiliza, na sijasikia hata mmoja akiuliza tutasimamaje tukianza kuteremka. Nawaona pia wanaoizunguka meza ya mkubwa wakimwambia ndiyo kwa kila alitakalo, kwa kuwa ni ndugu au kwa kuwa wana kitu cha kumwuzia. Bendera yetu haijanyeshewa na masika yake ya kwanza. Naogopa mvua itatukuta taa ziko juu ya paa na breki ni zile tulizoachiwa.

Jumanne tulimzika kwao. Shemeji yake alichechemea mbele akasema marehemu alikuwa mtu mwema, hakupata kumnyima kitu. Watu wakaitikia. Mimi nilikaa kimya kwa heshima ya mahali, lakini hapa nitasema: mimi alininyima, mbele ya watu waliocheka, na kwa ajili hiyo wadogo zangu watatu wamekulia chini ya paa moja. Ukianza jambo lako, liwe gari, duka au nchi, mtafute mtu asiyeona haya kukunyima. Mshuku ukitaka, ni haki yako. Ila lala chini uangalie pale alipokuonyesha.