Tangazo la Nyumba Yenye Kaburi Uani

Siku ya kwanza kazini nilipewa kipande cha chaki na ubao ulioegemezwa ukutani mwa duka la vifaa vya ujenzi, Kasulu mjini. Kabla ya hapo nilikuwa nimeacha shule Murungu nikiwa darasa la sita, nimechoma matofali, nimepakia maharage kwenye malori, na nimejifunza kufungua redio za watu bila kujua kuzifunga. Kila kazi niliiacha mara nilipoielewa. Hii ya kuandika matangazo ya nyumba za kupanga ilinishika, maana kila nyumba ilikuwa na jambo lake la kuuliza.

Mkuu wetu tulimwita Mwenyekiti. Aliongoza kijiwe cha madalali, yaani watu wanaomkutanisha mwenye nyumba na mpangaji. Aliniamuru niandike tangazo la chumba na sebule. Nikaandika: "Nyumba nzuri ya kisasa, mahali patulivu." Akalifuta kwa kiganja.

"Nzuri kwa nani?" akauliza. "Kwa mbuzi?"

Wenzangu wakacheka.

"Maji yanatoka wapi?"

"Bombani, Mwenyekiti."

"Kila siku?"

"Sijui."

"Basi nenda kamuulize jirani. Usimuulize mwenye nyumba, huyo atakuapia."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Neno "nzuri" halimwambii mtu kitu. Andika "luku ya kujitegemea", yaani mita ya umeme ni yako peke yako, na msomaji anajua hatagombana na jirani anayepiga pasi. Andika "masta", chumba chenye choo na bafu ndani, lakini hakikisha maji yanafika kwenye hicho choo. Sema barabara inakuwaje masika, wakati udongo mwekundu unang'ang'ania viatu. Sema ni nani mwingine anaishi ndani ya uzio. Mwenyekiti alitaka tangazo liwaambie wasiofaa wabaki kwao, ili anayekuja awe amekwisha kukubali nusu ya nyumba kabla ya kuiona.

Baadaye nilihamia Kibondo. Huo ulikuwa wakati wa mashirika, kambi za wakimbizi zilipojaa na wafanyakazi wa kutoka mbali wakitafuta pa kulala. Nilifanya kazi chini ya Afisa Makazi wa shirika mojawapo, mama mkali aliyekagua nyumba akianzia chooni. "Piga picha ya choo kwanza," alikuwa akiniambia. "Sebule haijawahi kumhamisha mtu." Watu walijenga kwa kasi, vigae sakafuni, bati za rangi. Kisha watu wa kambini wakaanza kurudishwa makwao, ofisi zikafungwa moja baada ya nyingine, na Afisa Makazi akaondoka na gari la mwisho la ofisi yake. Nyumba zikabaki. Majani yaliota kwenye vibaraza vya vigae, popo wakaingia darini, na wenye nyumba waliendelea kuniita niwaandikie "nyumba ya kifahari" wakati hapakuwa na wa kulisoma tangazo.

Ni katika kipindi hicho Mama Leokadia aliponiita. Alikuwa mjane, miguu yake imevimba, na binti yake alitaka kumchukua akamuuguze Busunzu. Nilimkuta ameketi kizingitini akichambua maharage.

"Mwakeye, mama," nikamsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, baba. Keti. Nataka mpangaji, tena mtumishi."

Mtumishi ni mfanyakazi wa serikali: mwalimu, mganga, afisa kilimo. Kila mwenye nyumba huku anamtaka, kwa sababu mshahara wake una tarehe na hana ukoo hapa wa kumletea madai ya ardhi.

"Haraka ya nini?" nikamuuliza.

Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya jiko. Pale palikuwa na kaburi la mumewe, limesakafiwa kwa saruji, na kando yake nafasi iliyozungushiwa mawe.

"Ile nafasi ni yangu. Shemeji yangu wa Kasanda anasema nikiondoka atakuja kuilinda nyumba. Akiingia hatoki. Atauza uwanja, nami nitazikwa kwa watu."

"Basi tuandike kwamba kuna kaburi."

"Thubutu! Ukiandika kaburi, nani atakuja?"

Nyumba ilikuwa yake, nikaandika alivyotaka: vyumba vitatu, tofali za kuchoma, kisima uani, luku ya kujitegemea, mtumishi anapewa kipaumbele. Nikabandika hospitali na kwenye mbao za shule, nikaweka pia kwenye makundi ya simu. Walikuja wengi. Walisifu kisima, walisifu madirisha, wakafika nyuma ya jiko na kuanza kuaga. Mmoja alisema ghafla kwamba sebule ni ndogo. Kijana wa maabara alinikonyeza akauliza, "Mzee, na huyu naye anachangia luku?" Mama Leokadia alimsikia. Aliingia ndani akafunga mlango.

Siku hiyohiyo shemeji alifika akiwa na godoro juu ya pikipiki. Aliliweka kibarazani.

"Nimeleta tu, shemeji," akasema. "Lisinyeshewe kwangu, nyumba inavuja."

"Na wewe unalala wapi?"

"Mimi bado. Godoro limetangulia."

Alipoondoka, Mama Leokadia aliniita karibu. "Andika unavyojua," akasema. "Yote."

Nikaandika hivi: "Nyumba ya vyumba vitatu, Kibondo. Kisima uani, luku ya kujitegemea. Masika pikipiki haifiki mlangoni. Nyuma ya jiko kuna kaburi la baba mwenye nyumba. Ndugu huja kulisafisha. Mama mwenye nyumba naye atazikwa hapo, na mpangaji atafungua geti siku hiyo. Anatafutwa mtumishi atakayeyakubali haya."

Kwenye makundi walinicheka. Mmoja aliniita dalali wa kuzimu, mwingine akauliza kama marehemu anaruhusu wageni. Mvua zilinyesha, simu haikuita, na godoro lilikaa pale kibarazani kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Binti alikwisha kutafuta gari la kumbeba mama yake.

Aliyepiga alikuwa mwalimu wa kike kutoka Lindi, aliyehamishiwa shule ya jirani. Hakuuliza kuhusu vigae.

"Mzee, kaburi liko upande wa dirisha gani?"

"La jikoni."

"Na hao ndugu wakija wanabisha hodi?"

"Nitawaambia wabishe."

Alikuja na mwavuli, akamsalimia Mama Leokadia kwa kupiga magoti, akazunguka nyuma, akalitazama kaburi.

"Mimi ni Mwislamu, mama. Hilo halikusumbui?"

"Aliyelala pale alikuwa na marafiki Waislamu," Mama Leokadia akajibu. "Akilalamika, wewe ndiye utakayemsikia."

Wakacheka wote wawili. Shemeji alikuja kuchukua godoro lake asubuhi yenye ukungu, bila kusalimia mtu.

Mama Leokadia hakumaliza mwaka Busunzu. Walipourudisha mwili wake, geti lilikuwa wazi. Mwalimu alikuwa amehamisha kamba yake ya kuanikia nguo, amekoka moto uani kwa ajili ya waombolezaji, na vyombo vyake mwenyewe vilikuwa vinapita mikononi mwa watu asiowajua. Mama Leokadia akazikwa ndani ya yale mawe.

Sasa nimeacha kazi. Vijana wanapiga picha, wanaandika "simpo na kali", na nyumba zinapangishwa au hazipangishwi. Wakiniuliza siri ya tangazo nawaambia waandike lile wanalotamani kulificha, kwa sababu ndilo mpangaji atakaloishi nalo. Lakini nawaambia pia mahali uwezo wa tangazo unapoishia. Mtumishi tunampenda kwa sababu hana mizizi hapa, na asiye na mizizi anahamishwa. Barua ya uhamisho ya mwalimu ilikuja, akaenda mkoa mwingine akilia. Binti ana watoto na mashamba Busunzu, hakuwa na nguvu ya kesi. Shemeji aliingia na godoro lake.

Nilipita pale msimu huu. Amelima uwanja wote, maharage yamefika hadi kwenye saruji ya makaburi, mengine yametambaa juu yake. Sikumsalimia. Nilisimama barabarani hadi nikahakikisha kwamba makaburi bado yako mawili, kisha nikaondoka.