Kopo Lililokwisha Mapema

Roswitha Pichlmayr alifanya kazi miaka thelathini na moja katika maabara yetu hapa Vienna. Vipande vya magoti ya wazee waliosagika viungo vilitoka chumba cha upasuaji vikamfikia yeye kwanza. Aliparua gegedu, ile nyama ngumu inayofunika ncha za mifupa, akazikuza seli zake. Mimi nilikuwa naosha vyombo, na sifichi: alikuwa fundi, na alijijua. Kusoma lebo aliona ni kazi ya wanagenzi.

Henriette, mwanafunzi wa uzamivu, alikuwa akichunguza protini zinazonasa sukari iliyo juu ya seli na kuzichochea seli hizo ziliharibu gegedu lenyewe. Ukizipa sukari ya maziwa, hunasa hiyo, zikaziacha seli. Ukizipa sukari ya kawaida, hazidanganyiki. Miyeyusho ya sukari zote mbili alimtayarishia Roswitha. Lakini kwa Henriette protini zilitulia kwa zote mbili. Kwenye kikao cha Jumatatu profesa alimwambia mbele ya watu, "Hata kupima hujui, binti?" Roswitha akacheka. Nami nikacheka.

Mwezi wa Machi Roswitha alinivuta kando. Kopo la sukari ya maziwa lilikuwa limekwisha. La sukari ya kawaida limejaa pomoni.

"Nimekuwa nikichota hili lililokwisha kwa miyeyusho yote miwili," akasema.

"Si umwambie?"

"Kesho."

Kesho hiyo ilichukua wiki tano. Kila siku Henriette alirudia jaribio lake, macho mekundu, na Roswitha akainamia darubini. Aibu ilikuwa inamla, lakini kiburi kilimfunga mdomo. Mimi nami nilinyamaza, na sina la kujitetea.

Siku Henriette aliporudisha ufunguo wa maabara ili aache masomo, Roswitha alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Frau Magistra," akamwita kwa heshima ya shahada yake, "kosa ni langu. Sukari niliikosea mimi."

"Umejua tangu lini?"

"Machi."

Henriette akakaa kwenye ngazi. "Nimempigia mama simu kumwambia sina akili ya kazi hii."

"Nisamehe."

"Mimi niliambiwa mbele ya watu. Na wewe kaseme mbele ya watu."

Jumatatu Roswitha alisimama kabla profesa hajaketi. Alisema yote: kopo, lebo, wiki tano. Profesa akauliza kama kuna mwingine aliyejua.

"Hapana," akasema Roswitha. "Nilikuwa peke yangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vyombo. Sikufungua mdomo.