Siku Tuliyokataa Kusimama

Harufu ya mafuta ya ndege ilitufuata hata darasani. Shule yetu haikuwa mbali na kambi ya jeshi ya Kamina, na miaka ile ya vita ndege kubwa za mizigo zilipita juu ya bati letu mpaka vumbi la chaki likamwagika ubaoni. Zilikuwa zimeundwa katika Umoja wa Kisovieti, nchi iliyokwisha kufa. Nyumbani tulikula bukari, ugali wetu, kwa majani ya muhogo, sombe lisilo na chumvi, na kila asubuhi silaha zilishushwa. Nilizichukia ndege zile, na sioni sababu ya kuficha.

Baba ndiye aliyetufundisha jiografia. Alikuwa Mmethodisti wa kupiga pasi shati lake la pekee hata siku ya njaa, na kwake sheria ilikuwa moja: mgeni akiingia darasani, wote husimama, wala hawaketi mpaka mwalimu aseme. Heshima si utumwa, alituambia. Asubuhi hiyo alikuwa anatueleza jinsi dola lile la Kisovieti lilivyoanguka: viwanda vilitoa vifaru huku akina mama wakipanga foleni ya mkate. Kiongozi wao wa mwisho alijaribu kurekebisha uchumi, akaruhusu watu wafungue biashara zao, lakini jeshi lilishazoea sahani kubwa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo tukasikia darasa la jirani likisimama kwa adabu na kuamkia kwa sauti moja. Kisha tukasikia madawati yakiburutwa nje. Askari walikuwa wanatafuta kuni. Walipoingia kwetu tulianza kuinuka, ila baba alinyoosha kiganja, tukarudi chini.

"Simameni! Tunabeba hii mabao, tupikie," alisema mkubwa wao, akiyaonyesha madawati yetu.

"Batoto, mukae," baba alituambia, kisha akamgeukia yule mkubwa. "Shefu, beko banasoma."

"Banasoma nini?"

"Inchi yenye ilitia feza yote mu mabunduki, ikaanguka."

"Mwalimu, unatutukana?"

"Minyi nafundisha. Kama unataka hii mabao, utatubeba pamoya nayo."

Niliogopa kwamba watamchukua baba. Nililishika dawati langu kwa mikono miwili, na hofu yangu ikageuka hasira. Askari mmoja aligonga dawati la mbele kwa kitako cha bunduki. Hakuna aliyeinuka. Mkubwa wao akasonya, akatoka na watu wake. Jioni madawati ya jirani yalitumika kupikia maharagwe ya jeshi, na wenzetu waliosimama kwa adabu wakasomea sakafuni mwaka mzima.

Leo nami ni mwalimu hapa Kamina. Vita vile vimekwisha, ila bunduki bado hulishwa kwanza, na wanafunzi wangu wanakalia matofali. Wakubwa wa elimu wakija kutukagua huniuliza kwa ukali mbona watoto hawa hawasimami. Huwajibu kwamba watasimama siku watakapopewa mahali pa kukaa.